Maswali ya Wasomaji: Tangi Kubwa la Samaki Lililokwishatumika

SWALI: Mhariri wa ukurasa wa maswali, salamu. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba ya chini yenye sakafu ya zege. Mgahawa mmoja unaofunga biashara unauza tangi la samaki la kioo lenye urefu wa sentimita 240, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 75, pamoja na meza yake ya chuma, pampu, na tangi dogo la chujio la sentimita 90 kwa 40 kwa 40 linalokaa chini ya meza. Kioo nimekipima na kukuta ni cha milimita 12. Juu kuna mikanda mitatu ya kioo inayounganisha ukuta wa mbele na wa nyuma, lakini mkanda wa katikati umekatika. Katika kona moja kuna kisanduku cha kioo cheusi chenye matundu mawili sakafuni, moja la maji ya kushuka na jingine la maji ya kurudi. Tangi limekaa kavu stoo kwa muda wa miaka miwili, na muuzaji anaapa kwamba halijawahi kuvuja. Nia yangu ni kufuga samaki wa mawe wa Ziwa Tanganyika. Nitajuaje kama tangi ni salama, na je, niyaamini mabomba yake? — Msomaji, Tabata.

JIBU: Ndugu msomaji, huenda muuzaji anasema kweli tupu, lakini kiapo chake kinalihusu tangi lenye mikanda mitatu mizima na ambalo halijahamishwa kutoka mahali pake. Unalouziwa leo ni tangi lenye mikanda miwili, lililobebwa, likainamishwa na kuwekwa juu ya sakafu ambayo hakuna anayejua kama ilikuwa sawa. Lichunguze kama kitu kipya kisicho na dhamana.

Anza na kina cha maji, kwa sababu wanunuzi wengi huogopa wingi wa lita ilhali kinachokisukuma kioo ni kina. Kila sentimita moja unayoshuka chini ya uso wa maji, kila sentimita ya mraba ya kioo huongezewa mzigo wa gramu moja, liwe tangi lina upana wa nusu mita au wa mita tano. Ukilijaza tangi hilo hadi sentimita 70, ukuta wa mbele peke yake utasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 590 hivi. Ukiishia sentimita 60, nguvu hiyo hushuka hadi kilo 430, na ukiishia 55 hubaki takriban kilo 360. Maana yake ni kwamba ukipunguza kina kwa sentimita 15 tu, unakipunguzia kioo karibu asilimia 40 ya mzigo wake. Hakuna ukarabati wa bei nafuu kuliko huo.

Sasa tuutazame unene. Kioo hakipindi kikakupa onyo kama chuma. Hupasuka ghafla kuanzia kwenye kasoro ndogo ambayo jicho halikuiona. Kwa sababu hiyo wajenzi wa matangi hupenda kukipa akiba kubwa, na kiwango kinachotumiwa sana ni kwamba kioo kiweze kuhimili mara 3.8 ya mzigo kitakaoubeba. Kwa hesabu hiyo, ukuta wa milimita 12 wenye urefu wa sentimita 240 usiofungwa kwa mkanda wowote juu hubaki na akiba ya zaidi kidogo ya mara mbili pale maji yanapofika sentimita 70. Akiba hiyo hukifikia kile kiwango cha mara 3.8 maji yakiishia kwenye sentimita 58 hivi. Aliyelijenga tangi hilo bila shaka aliitegemea mikanda ya juu ili kulijaza karibu na ukingo, na mkanda wa katikati ndio uliofanya kazi kubwa kuliko yote, kwa kuwa hapo ndipo ukuta mrefu hujibetua zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, utazame mkanda uliokatika na ujiulize umekatikaje. Ikiwa umevunjika katikati, yamkini kuna mtu aliuegemea alipokuwa akisafisha, na ukuta wenyewe hauna lawama. Ikiwa umebanduka kwenye maungio yake, huku silikoni imechanika upande mmoja, basi ukuta uliuvuta hadi ukaushinda, na hiyo ni habari mbaya sana kuhusu jinsi tangi lilivyokuwa likijazwa. Kuweka mkanda mpya wa kioo cha milimita 12 wenye upana uleule kunawezekana kabisa, mradi silikoni yote ya zamani ikwanguliwe kwa wembe na kioo kifutwe kwa spiriti. Hata hivyo, mkanda mpya ukishawekwa, mimi bado nisingevuka sentimita 60 za maji katika tangi la umri huo.

Baada ya hapo ukague maungio. Yapo ya namna mbili, na kuyachanganya ndiko kunakowagharimu watu. Kuna silikoni nyembamba iliyobanwa katikati ya kioo na kioo, ambayo ndiyo inayoshika tangi lisifumuke. Na kuna utepe wa silikoni unaopita kwa ndani kwenye pembe, ambao kazi yake kubwa ni kuilinda ile ya kwanza. Utepe wa ndani ukiwa umechakaa, umeliwa na panya au umekwanguliwa na wembe wa kusafishia, waweza kufanywa upya. Silikoni ya katikati ya vioo ndiyo ya kuichunguza kwa tochi kutoka nje, ukiishusha taratibu kutoka juu hadi chini katika kila pembe. Inapaswa kuonekana ya rangi moja, nyeusi au angavu kadiri ilivyokuwa. Viputo vichache vilivyotawanyika vilivyokuwapo tangu siku ya ujenzi si tatizo, lakini doa jeupe au la kung’aa linaloanzia ukingoni na kuingia ndani linaonyesha kwamba silikoni imeachana na kioo. Doa la namna hiyo likizidi nusu ya unene wa kioo, tangi linahitaji kubomolewa na kuunganishwa upya, na utepe wa ndani hauwezi kulitibu.

Mikwaruzo usiisumbukie, inachukiza macho tu. Kilichomeguka kwenye ukingo au kwenye pembe ndicho cha kutiliwa maanani, hasa kikiwa karibu na maungio au na tundu. Pitisha ukucha juu yake. Ukihisi mstari mwembamba unaotoka hapo na kuelekea katikati ya kioo, hata wa milimita tano, liache tangi hilo hapohapo lilipo.

Kuhusu ile miaka miwili ya ukavu, huenda umewahi kusikia habari za AquaDom, lile tangi la duara la akriliki lililokuwa ndani ya hoteli mjini Berlin, ambalo lilipasuka alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022 na kumwaga takriban lita milioni moja. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha chanzo kimoja, lakini miongoni mwa mambo waliyoyataja kama uwezekano ni kukauka kwa akriliki wakati wa ukarabati na kujazwa maji tena baadaye. Akriliki hunywa maji kidogo na kuyatoa, kioo hakifanyi hivyo, kwa hiyo hofu hiyo haikuhusu moja kwa moja. Silikoni iliyokomaa nayo haiharibiwi na ukavu wenyewe. Kinachoharibu matangi stoo ni kuburutwa, kubebwa kwa kushikwa mikanda ya juu, na kuachwa yameketi juu ya punje za mchanga au juu ya sakafu isiyo sawa kiasi kwamba kona moja inaning’inia. Muulize muuzaji liliwekwa juu ya nini, kisha ulikague kioo cha chini kwa uangalifu kuliko vingine vyote.

Jaribio la maji halina mbadala, na lifanyike kabla ya kulipa fedha yote. Muuzaji akikataa, punguza bei kana kwamba unanunua vioo vitupu, au ondoka. Tangi liwekwe juu ya meza yake, mahali ambapo maji yakimwagika hayataharibu kitu, na meza isawazishwe kwa pima maji kwa urefu na kwa upana. Matundu mawili yazibwe vizuri. Kabla ya kutia maji, egemeza rula ndefu ya chuma au bomba la mraba lililonyooka kwenye ukuta wa mbele, karibu na ukingo wa juu, na uandike nafasi iliyopo katikati. Tia maji hadi robo, usubiri saa kadhaa huku ukipitisha karatasi ya chooni kwenye kila pembe ya chini, kwa kuwa karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi. Endelea hadi nusu, kisha hadi kimo utakachokitumia, na usipite hapo. Pima tena kwa rula. Ukuta mrefu namna hiyo kujibetua kwa milimita chache ni jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni kipimo cha kesho kuwa kikubwa kuliko cha leo. Ikiwa baada ya siku mbili au tatu ukuta bado unaendelea kutoka nje, yatoe maji.

Meza ya chuma yaweza kuwa imara kuliko tangi au dhaifu kuliko tangi lenyewe. Jumla ya mzigo, ukihesabu maji lita 850 hadi 1,000, vioo vyenye takriban kilo 180, mchanga na mawe, itakaribia kilo 1,300. Piga maungio ya kulehemu kwa nyundo ndogo na ukwangue kutu: kutu ya juujuu inapakwa rangi, lakini chuma kinachotoka kwa magamba kwenye miguu kikatwe na kubadilishwa. Hakikisha pia pana vyuma vya mshazari nyuma yake, la sivyo meza inaweza kuyumba ubavu hata kama miguu yote ni mizito. Kwa tangi la vioo vitupu lisilo na fremu ya plastiki chini, utandike kipande cha styrofoam cha sentimita moja au mbili juu ya ubao mnene ulionyooka. Tangi lenye fremu ya chini inayokinyanyua kioo halitandikwi, kwa sababu linabebwa na kingo zake. Mawe ya samaki wako yaketi juu ya kioo au juu ya karatasi ya plastiki ngumu, si juu ya mchanga, maana samaki wa Tanganyika huchimba, na jiwe lililochimbuliwa chini huangukia kioo.

Nimefika kwenye mabomba, na hapa sitakuficha kwamba sikupendezwa na mpangilio unaoueleza. Tundu moja la kushusha maji na moja la kuyarudisha ni mtindo wa zamani unaouzwa hadi leo, na udhaifu wake ni kwamba njia ya kushuka ni moja tu. Konokono mmoja, jani moja au samaki mdogo akiingia humo, pampu itaendelea kuyapandisha maji ya tangi la chini hadi yamwagike sebuleni. Shauri langu ni kuyafanya matundu yote mawili kuwa ya kushushia. La kwanza liwe bomba kuu lenye koki ya gati, ile ya kuzungushwa taratibu, ambayo utaikaza hadi bomba lijae maji bila hewa na kuacha kelele. La pili liwe bomba refu zaidi lisilo na koki yoyote, ambalo mdomo wake uko juu kidogo ya uso wa maji wa kawaida ndani ya kisanduku, lisubiri siku ya dharura. Bomba la kurudishia lipandishwe kwa nyuma na kupita juu ya ukingo. Mtindo huo wafugaji wa kimataifa huuita Herbie. Koki ya robo mzunguko haifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa hairuhusu kurekebisha kidogokidogo.

Kisha lijibu swali la umeme kukatika, kwa kuwa utakatika. Pampu ikisimama, maji ya tangi la juu hushuka hadi usawa wa ukingo wa kisanduku, ambako ndiko yanakomiminikia ndani. Lakini kama mdomo wa bomba la kurudishia umezama, bomba hilohilo hugeuka mfereji wa kunyonya maji kurudi chini. Tangi lako hutoa zaidi ya lita 14 kwa kila sentimita moja ya kina. Mdomo uliozama sentimita 10 utashusha lita 140 na ushei, ilhali tangi la chini la sentimita 90 kwa 40 kwa 40 halichukui zaidi ya lita 144 likiwa limejaa hadi ukingoni. Likiwa linafanya kazi huku limejaa nusu, nafasi iliyobaki ni lita 72, na nusu nyingine ya maji hayo itakuwa sakafuni kwako. Dawa yake ni kuuweka mdomo karibu kabisa na uso wa maji, kutoboa kitundu kidogo kwenye bomba chini kidogo ya uso huo ili kivute hewa mapema, na kukisafisha kila wiki kisizibwe na mwani. Valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma isitegemewe peke yake. Ganda moja la konokono linatosha kuiacha wazi.

Jaribu pande zote mbili mwenyewe. Zima pampu na utazame kama tangi la chini linapokea maji yote bila kufurika. Kisha ziba kwa makusudi bomba kuu na lile la dharura, uiache pampu ifanye kazi, na utazame kama tangi la juu linaweza kumeza maji yote ya chumba cha pampu, yaani sehemu ya tangi la chini inamokaa pampu, kabla pampu haijaanza kuvuta hewa. Mfumo unaofaulu majaribio hayo mawili hauhitaji mtu wa kuulinda usiku.

Kisanduku cheusi nacho kina jaribio lake: kijaze maji chenyewe huku tangi likiwa kavu, na usubiri. Wengi huliruka jaribio hili kwa kuwa kisanduku kinachovuja hakimwagi kitu nje. Lakini umeme ukikatika, maji ya tangi yatajipenyeza humo na kushuka kupitia bomba kuu, ambalo mdomo wake uko chini, na hapo hesabu yote ya lita niliyokufanyia itakuwa haina maana.

Mabomba yenyewe usiyaamini. Usinunue ya zamani hata kama unapewa bure: plastiki iliyokaa juani hukakamaa na kupasuka, na mipira ya maungio huwa imekwisha kulala. Tundu hufungwa kwa tanki konekta, sawa na ile ya simtanki. Mpira wake ukae upande wa kichwa kipana, si upande wa nati, na nati ikazwe kwa mkono na kuongezwa kidogo tu; fundi bomba aliyezoea simtanki la plastiki atataka kutumia spana kubwa, na kioo hakitamsamehe. Kagua pia ukingo wa kila tundu kwa kioo cha kukuza, kwa kuwa nyufa hupenda kuanzia hapo. Ukitaka tundu jipya, kwanza hakikisha kioo si kile kilichoimarishwa kwa moto, maana hicho husambaratika chote mara keekee inapokigusa. Miwani ya jua ya polaroidi, ukikitazama kioo kwa mshazari wakati wa mchana, mara nyingi huonyesha madoa au michirizi iliyopangika kwenye kioo cha namna hiyo.

Kama tangi litapita jaribio la maji hadi sentimita 60, likiwa na mkanda mpya, mimi ningelinunua, lakini kwa bei iliyokwisha kutolewa gharama za mabomba mapya, koki, mkanda na silikoni. Pampu ichukuliwe kama nyongeza tu. Namba ya lita kwa saa iliyoandikwa juu yake ni ya maji yasiyopanda kokote, na kwako yatapanda karibu mita moja na nusu.

SWALI: Ninakaa ghorofa ya tatu Mombasa na ninataka kununua tangi lililotumika la maji ya bahari, sentimita 120 kwa 50 kwa 60. Je, sakafu itastahimili? — Msomaji, Nyali.

JIBU: Ndugu msomaji, maji ya bahari ni mazito kuliko ya mvua kwa takriban asilimia 2.5 tu, kwa hiyo tofauti hiyo si kubwa. Tangi lako litachukua lita 360 likijazwa pomoni, na pamoja na kioo, meza na mawe utakuwa na karibu nusu tani juu ya eneo la mita za mraba 0.6, yaani zaidi ya kilo 800 kwa mita ya mraba. Sakafu za makazi kwa kawaida husanifiwa kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba uliotandazwa chumbani. Haimaanishi kwamba sakafu ya zege itaporomoka, kwa kuwa mzigo mdogo wa eneo dogo hugawanywa na bamba zima. Maana yake ni kwamba swali lako si la fundi wala la mwenye nyumba. Mtafute mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, umpe vipimo hivi, na umwonyeshe mahali penye boriti au ukuta unaobeba. Katikati ya chumba ndipo mahali pabaya zaidi. Muulize pia muuzaji kama tangi liliwahi kutiwa dawa ya shaba, ambayo huua kamba na matumbawe hata kwa kiasi kidogo.

SWALI: Tangi langu linavuja tone kwa tone kwenye pembe. Je, naweza kupaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani? — Msomaji, Arusha.

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni iliyokwisha kukomaa. Itaonekana imeshika, kisha itabanduka kama ngozi. Ondoa utepe wa ndani wote wa tangi zima, si wa pembe moja, kwa sababu utepe mpya hauwezi kuungana na mkia wa ule wa zamani. Tumia silikoni ya asilimia mia moja isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Zile zinazouzwa kwa ajili ya bafu mara nyingi huwa nayo, nayo ni sumu kwa samaki. Harufu kali ya siki wakati wa kukauka ni ya kawaida kwa silikoni nyingi za vioo, na hewa yenye unyevu huisaidia kukomaa, basi katika miezi ya ukame uipe muda zaidi. Kwa utepe wa kawaida subiri wiki moja, harufu iishe kabisa, ndipo utie maji ya majaribio bila samaki.